Usiukate Kwanza Ule Mkorosho Mkavu

Shamba la korosho lililopaliliwa vizuri lina chakula tele kwa ndege. Ardhi iko wazi, miti imepangwa mita 12 kwa 12, na panzi hana pa kujificha. Hudihudi hutembea chini akichokoa udongo kwa mdomo wake mrefu. Chole, yule mwenye kifua cha zambarau na mabawa ya buluu, hukaa kwenye tawi la pembeni akivizia. Kwezi weusi wanaong'aa hushuka makundi makundi. Shida ya wote hao ni moja: hawajengi viota vya majani wala vya vijiti. Wanataga ndani ya matundu ya miti, na tundu hupatikana kwenye mti mzee, mti uliooza moyo, au tawi lililokufa miaka mingi iliyopita. Ndio mti uleule ambao mkulima makini huutangulia kwa shoka.

Wamarekani walikutana na jambo hili kwenye malisho na viwanja vyao vya gofu. Wanaye ndege mdogo wa buluu mwenye kifua cha rangi ya kutu, anayependa nyasi fupi na anayetaga kwenye matundu. Shomoro wa Ulaya waliachiwa New York miaka ya 1850, na kwezi wa Ulaya wakaachiwa katika bustani ya Central Park mwaka 1890. Wageni hao wakayavamia matundu, huku miti mikavu ikiondolewa ili mashamba yapendeze. Mwaka 1934 mtu mmoja aitwaye Thomas Musselman, wa mji wa Quincy katika jimbo la Illinois, akaanza kutundika masanduku ya viota kandokando ya barabara. Leo viwanja vingi vya gofu vya huko vina safu za masanduku hayo, na wacheza gofu wenyewe huyakagua.

Mtwara, shamba la mikorosho ndilo uwanja wetu wa gofu: nyasi fupi chini, miti mikubwa yenye nafasi, na mwenye shamba anayependa usafi. Lakini kuna tofauti moja ninayotaka uishike kabla hujaita fundi seremala. Wale walikwenda kwenye masanduku kwa sababu miti yenye matundu ilikuwa imekwisha. Sisi bado tunayo. Sanduku linagharimu mbao, misumari na siku nzima ya fundi, nalo huoza baada ya miaka michache. Mti mkavu hauna gharama. Kwa hiyo ushauri wangu unaanza na panga lako, kabla ya kufika kwenye msumeno wa fundi.

Tunayo miti hiyo kwa sababu ya historia. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani zipatazo 145,000. Kisha watu wakahamishiwa vijijini, mashamba mengi yakabaki mbali na nyumba, ubwiriunga ukaingia, bei ikavunja moyo, na kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 17,000. Mikorosho iliyoachwa haikufa yote. Ilizeeka. Matawi yalivunjika, maji yakaingia kwenye vidonda, moyo wa mti ukaoza, na vigong'ota wakapata kazi. Salfa iliporudisha uhai kwenye zao hili, mikorosho hiyo ilikuta wenyewe wamerudi. Sasa tuko katika kipindi cha kuing'oa ili kupanda miche bora ya kubebeshwa, au kuikata vichwa ichipue upya. Kazi hiyo ni halali na ina faida, sina ugomvi nayo. Ila mche uliopandwa leo hautakuwa na tundu la maana hadi mwanao awe na wajukuu, na ndege hawezi kusubiri kiasi hicho.

Basi hesabu hivi. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja ina mikorosho kama 28. Ukiacha mti mmoja mzee kila ekari mbili, umeacha mmoja katika 56. Na mara nyingi huo ulioacha ulishaacha kuzaa. Sijui mkulima atakayefilisika kwa hilo.

Uachwe upi? Tafuta mti ambao tayari una tundu, hata kama ni mbaya wa kutazama. Tundu la mviringo kamili, kubwa kiasi cha kupitisha limau dogo, lilichimbwa na kigong'ota au zuwakulu. Hao ndio wajenzi. Wanachimba chumba kipya karibu kila msimu, wanazaa, kisha wanahama, na nyuma yao wanaingia wapangaji: kwezi, goregore wenye mdomo mwekundu, bundi wadogo, na shomoro. Ukimpoteza mjenzi mmoja umewapoteza na wapangaji wake. Tundu lisilo na umbo, lililotokana na tawi lililovunjika na kuoza, huwa kubwa zaidi, na hilo hutafutwa na hondohondo, ambaye mdomo wake mkubwa haufai kuchimba mbao ngumu. Mti wenye aina zote mbili za tundu ni mali. Kama kuna tawi kubwa kavu lisiloning'inia juu ya njia wala juu ya paa, liache nalo. Kama linatisha, likate ukiacha kisiki cha futi tatu au nne kwenye shina. Kisiki hicho ndicho zuwakulu atakachochimba.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa ndege hupenda kuliruka. Si kila mti uliokufa unafaa kuachwa. Mkorosho uliokauka kwa ghafla, majani yakiwa bado yananing'inia, huenda umeuawa na mnyauko wa fusari, ugonjwa unaokaa kwenye udongo, na huo unatakiwa kung'olewa na kuchomwa kama afisa ugani atakavyokuelekeza. Vilevile mti uliojaa vidonda vya bungua wa shina, wenye unga wa mbao na utomvu unaotoka kila upande, ni chanzo cha wadudu kwa jirani zako. Ukiwa na shaka, uliza kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, kiko hapo hapo Mtwara. Mti wa kuacha ni ule uliokufa kwa uzee, taratibu, tawi baada ya tawi.

Minazi nayo ina mtego wake. Ugonjwa wa kunyong'onyea umeiua mingi katika pwani ya Tanzania, na magogo yake yaliyosimama bila vichwa ni nyumba nzuri sana: laini ndani, ngumu nje, na nyoka hupanda kwa shida. Kasuku wa pwani, wale wa kijani wenye kichwa cha kahawia, hupenda matundu ya namna hiyo. Lakini mbawakavu mwenye pembe, anayeitwa chonga, huzaliana ndani ya mnazi unaooza, kisha hutoka kwenda kutoboa makuti machanga ya minazi iliyo hai. Kwa hiyo kama una minazi michanga, ondoa magogo yote yaliyo karibu nayo, bila huruma. Kama minazi ya eneo hilo ilishakwisha yote na mahali pamebaki mihogo na mikorosho, gogo halimdhuru mtu. Liache lisimame mpaka lianguke lenyewe.

Miti mingine ya kutazamwa ni ile ambayo hakuna anayeihesabu kama mali. Mbuyu hauhitaji maelezo, kwani katika mapango yake hukaa bundi, kwezi, komba na nyuki, na kuna aina ya teleka wenye mkia mfupi wanaotaga ndani kabisa ya mbuyu mtupu na hata kwenye visima vya zamani visivyotumika. Ukifunika kisima kwa ajili ya usalama wa watoto, na ni lazima ukifunike, tumia wavu wa chuma wenye matundu mapana ya kupitisha ndege. Miembe mikongwe ya viwanja vya shule, mikwaju ya makaburini, mivinje iliyovunjika na upepo ufukweni, yote hii huondolewa kila kamati mpya inapotaka kuonekana imefanya kazi. Walimu wakuu, tafadhali, mti wa uwanjani ukiwa na tawi la hatari kateni tawi.

Nikielekea kusini, Msimbati, Madimba, Kilambo mpaka maingilio ya Ruvuma, habari inabadilika. Huko kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, yenye kilomita za mraba zipatazo 650, na ndani yake mna mikoko mikubwa. Ndege wa kutazama huko ni mdiria wa mikokoni: mgongo wa buluu, kichwa cha kijivu, mdomo mwekundu mzima juu na chini. Anakula kaa na panzi, na watu wengi hudhani anatoboa ukingo wa mto kama wadiria wengine. Huyu hutaga kwenye tundu la mti au ndani ya kichuguu cha mchwa kilichojengwa mtini. Katika mikoko, miti inayompa nafasi ni mikomafi, ambayo huwa mitupu ndani ikizeeka, na michu minene. Mkoko mwembamba ulionyooka, unaotafutwa kwa pau na boriti, haumsaidii.

Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya Serikali na haikatwi bila kibali, hilo wenyeji wanalijua. Ninachoongeza ni kwa vikundi vya mazingira vinavyopanda mikoko upya, maana picha za wanafunzi wakichomeka miche kwenye tope zinapendwa sana na wafadhili. Pandeni. Ila kabla ya kupanda, pitieni ukingo wa juu wa mikoko, kule maji yanakofika wakati wa bamvua tu, muihesabu mikomafi na michu mizee iliyobaki na kukubaliana kijijini kwamba hiyo haiguswi hata na mwenye kibali. Miche elfu moja haina tundu hata moja. Mchomaji chokaa anayetumia kuni za mikoko akikubali kuliacha gogo moja tupu lisimame badala ya kulitia tanurini, amewasaidia ndege mwaka huu huu.

Akina mama wanaotafuta kuni wataniuliza wapike na nini. Wana haki ya kuuliza. Sisemi kuni ziachwe. Matawi yaliyoanguka, mapogoleo ya mikorosho, vifuu na makuti, hayo yote ni yao. Ninachoomba ni shina lililosimama lenye tundu. Kuni za gogo hilo huisha baada ya wiki chache, na moto wake wenyewe ni hafifu kwa sababu limeoza.

Moto ndio adui mkubwa kuliko panga. Wakati wa kusafisha mashamba kabla ya mvua, cheche moja ikiingia chini ya mti wenye uvungu, moshi hutokea juu na mti huungua kwa siku mbili kutokea ndani. Palilia duara la hatua mbili kuzunguka kila mti uliouchagua, ondoa majani makavu, na uzibe kwa udongo tundu lolote lililo usawa wa ardhi. Matundu ya juu usiyaguse.

Sasa masanduku, kwa wale ambao hawana tena mti mzee: mwenye shamba jipya, hoteli ya ufukweni, shule mpya, ofisi yenye uwanja, na hata wenzetu wa Dar es Salaam wanaotunza viwanja vya gofu kama Lugalo. Usinunue mbao nzuri. Mabanzi ya kiwanda cha mbao yanafaa kuliko mbao iliyopigwa randa, kwa sababu kinda anahitaji ukuta wenye makovu ili apande kutoka nje. Unene usipungue inchi moja, la sivyo joto la Novemba litawaivisha makinda. Kwa kwezi, sakafu ya inchi 6 kwa 6, kimo cha futi moja, na mlango wa inchi 2 uliotobolewa kwa keekee karibu na juu. Kwa chole, sakafu ya inchi 8 na mlango wa inchi mbili na nusu. Hondohondo anataka chumba kikubwa zaidi, inchi 10 kila upande na kimo cha inchi 20, na mlango mrefu mwembamba wa inchi mbili na nusu kwa inchi nne. Toboa vitundu vinne vya maji kwenye sakafu na viwili vya hewa chini ya paa. Paa litokeze mbele. Ukiezeka kwa bati, weka ubao chini yake. Usipake rangi wala vanishi ndani, na usiweke kijiti cha kukalia mlangoni: ndege wa tundu hakihitaji, na kunguru hukitumia kusimamia anapoiba mayai.

Kwa chole, bundi na hondohondo weka sakafuni vumbi la randa au udongo laini wa mbao zilizooza, kina cha vidole vitatu. Kwezi analeta matandiko yake mwenyewe.

Zuwakulu na vigong'ota hawatakubali sanduku, maana kuchimba ni sehemu ya uchumba wao. Wape kitu cha kuchimba. Afrika Kusini watu hutundika kipande cha mlingoti wa mkonge, urefu wa futi mbili, unene wa kutosha chumba cha ndege, wakifunga juu kwa kibati na kuanzisha kitundu kidogo cha kina cha kidole. Lindi na Mtwara mkonge upo, kwenye mashamba ya zamani na kama uzio wa mipaka, na mlingoti ukishatoa maua hukauka na kuachwa. Hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote nilizotaja, na mtoto wa darasa la tano anaiweza.

Mdomo wa sanduku uelekee kusini au kusini-mashariki. Mvua zetu huja na kaskazi, na jua kali la alasiri hupiga kutokea magharibi. Urefu wa mita 3 hadi 5 unatosha. Funga kwa waya uliopitishwa ndani ya kipande cha mpira wa bomba ili usikate gome, na uulegeze kila mwaka mti unaponenepa. Kuzuia nyoka na kenge, zungushia shina kipande cha bati laini cha futi mbili, chini ya sanduku, na ukate matawi ya jirani yanayotoa daraja. Usitundike kwenye mti wenye viota vya maji moto. Hao sisimizi ni walinzi wazuri wa korosho dhidi ya mbu wa mikorosho, lakini hawamtofautishi mbu na kinda.

Nyuki wataingia katika baadhi ya masanduku yako. Usiwachome. Mwite mrina asali awahamishie kwenye mzinga, upate asali na tundu lako pia. Ukaguzi ufanye mara moja tu kwa mwaka, kati ya Machi na Mei, makinda yakiwa yameshatoka. Toa uchafu, angalia misumari, rudisha. Ndege wengi wa matundu wa ukanda huu hutaga kati ya Septemba na Januari, kwa hiyo kazi ya kupogolea na kukata matawi makavu iwekwe baada ya mavuno, si kabla.

Bundi ninamtenga kwa sababu ya maneno ya watu. Anayelia juu ya paa hufukuzwa kwa mawe, na wapo watakaolala macho wakingoja taarifa ya msiba. Sitabishana na mtu juu ya imani yake. Nitakuambia tu kwamba bundi mweupe, yule mwenye uso wa umbo la kopa anayekaa kwenye dari na kwenye majengo ya zamani kama yale ya Mikindani, anaishi kwa kula panya, na panya ndiye anayekula mahindi na mbegu yako ya karanga. Kama hutaki akae nyumbani, mpe nyumba shambani: sanduku la futi moja na nusu kwa futi mbili, mlango wa inchi 6, kwenye mti mkubwa ulio mbali na vyumba vya kulala. Ukishampata, acha kabisa kutumia sumu ya panya, kwa kuwa panya aliyekula sumu akiliwa na bundi humuua naye. Kitu kilekile huwapata wanaokula wadudu: ukipulizia viuadudu shamba zima bila kukagua kama mbu wa mikorosho wapo, makinda hayatakuwa na cha kulishwa. Puliza pale penye dalili.

Limebaki la manati. Jike la hondohondo huingia ndani ya tundu na kuziba mlango kwa udongo na kinyesi, akiacha ufa mwembamba tu. Humo ndani hupukutisha manyoya ya mabawa, anataga, anaatamia, na kwa wiki nyingi hula kile tu anacholetewa na dume. Kijana akimpiga dume mmoja kwa manati, aliyekufa mbele yake ni mmoja, na wasioonekana ndani ya mti ni watatu au wanne. Watoto wakielezwa hivyo huelewa haraka kuliko wakubwa. Kwa watega kasuku maneno yangu ni mafupi zaidi: kukamata ndege wa porini bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na kukata mti ili kuchukua makinda mawili kunaharibu tundu ambalo lingelea makinda kwa miaka mingi.

Msimu huu, kabla hujaita watu wa kupogolea, chukua kopo la chokaa na brashi, upite shambani peke yako asubuhi moja. Tazama juu. Kila mti wenye tundu la mviringo au pango la zamani, na usio na ugonjwa, upige mstari mweupe usawa wa kifua. Kisha waambie vibarua, na uwaambie mbele ya wanao wanaosikia: yenye chokaa haikatwi.